IGF-1, vinasaba na saratani: majibu kwa wasomaji

Watafiti wanasema "kiwango cha IGF-1 kilichotabiriwa na vinasaba" kikiwa juu, saratani kadhaa huongezeka. Kinatabiriwaje?

IGF-1 ni homoni inayotengenezwa hasa na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji. Huhimiza seli kugawanyika na huzizuia kufa. Watafiti huchukua kundi kubwa lililopimwa damu na vinasaba, mfano UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza (watu kama 500,000, waliosajiliwa 2006–2010), wakatafuta alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya watu) zinazoendana na IGF-1 ya juu. Kisha huzikagua alama hizohizo kwa wenye saratani na wasio nayo. Tuseme alama moja inapandisha IGF-1 kwa 0.1 ya kizio cha kipimo, na logi (logariti asilia) ya uwiano wa hatari ya saratani kwa 0.02. Gawanya 0.02 kwa 0.1: unapata 0.2 kwa kizio kizima. Ukiiondoa logi (e kwa kipeo cha 0.2 ni kama 1.22), uwiano unapanda kwa takriban 22%. Huo ni mfano wa hesabu tu. Tafiti huunganisha mamia ya alama.

Si rahisi zaidi kupima damu?

Ni rahisi, ila damu hupotosha. Ini likiugua, au mtu akikosa lishe, IGF-1 hushuka. Vidonge vya estrojeni navyo huishusha. Vinasaba ulivipata mimba ilipotungwa, kabla ya ugonjwa wowote. Shida yake ni kwamba alama moja inaweza kugusa mambo mawili. Inayopandisha IGF-1 huenda inaongeza pia kimo, na watu warefu hupata saratani kadhaa zaidi kidogo. Ndiyo maana mimi huamini zaidi matokeo yanayosimama hata zikibaki tu alama za jirani na IGF1, jeni inayobeba maelekezo ya homoni yenyewe.

Saratani zipi?

Utumbo mpana, matiti na tezi dume ndizo zenye ushahidi mzuri, na ongezeko ni dogo. Upande wa pili wako wenye ugonjwa wa Laron (wa kurithi, mwili hauitikii homoni ya ukuaji) huko Ekwado, ambao IGF-1 yao iko chini mno: katika utafiti wa 2011, kati ya watu 99 mmoja tu alipata saratani, kwa ndugu zao ilikuwa 17%.

Nikapime?

Hapana, kama huna dalili. Lakini pete ikikubana, viatu vikipanda saizi ukubwani na taya ikitokeza, muone daktari: huenda ni akromegali (homoni ya ukuaji kuzidi mwilini), na hapo utumbo mpana hukaguliwa kwa kamera.

Na sindano za homoni ya ukuaji za gym?

Zinapandisha IGF-1 makusudi. Acha.