Mama, si maji yamekula mifereji yako

SWALI: Fundi habari. Niko Kiamunyi hapa Nakuru na kwetu tunatumia maji ya boreholi. Mwaka jana tuliweka miksa mpya kwa bafu na sinki, zile za kung'aa. Miezi kama mitatu hivi zikashika kitu cheupe kama chokaa. Jirani akatuletea fundi, akazipaka asidi ya kuosha tiles zikawa mpya kabisa, akatuachia chupa ati tuwe tunapaka kila mwezi. Saa hii zina madoadoa meusi, moja imebambuka na chini yake ni kijani. Huyo fundi anasema maji ya huku ni makali yanakula chuma, ninunue sumaku za kufunga kwa paipu. Zinasaidia? Ama ninunue softena, ule mtambo wa kulainisha maji?

JIBU: Mama, asante kwa kuuliza. Sumaku usinunue, nitafika hapo. Lakini hii hadithi yako nimeisikia kwa nyumba nyingi sana, mpaka siku hizi nikiitwa kwa bafu ya mtu naangalia kwanza nyuma ya choo kama kuna chupa ya asidi, kabla hata sijagusa mfereji. Na mara nyingi iko.

Ile kitu nyeupe haikula mfereji wako. Ilikuwa imekaa tu juu, vile ukoko unakaa kwa sufuria. Maji yanadondoka, yanakauka, yale madini yalikuwa ndani yanabaki. Chini yake chuma iko sawa kabisa. Kilichokula ni hiyo asidi mliyoachiwa, na mmeipaka kila mwezi mwaka mzima kwa hivyo sishangai.

Ujue ule mng'ao wa miksa si chuma yenyewe. Ni kromu, na imepakwa nyembamba kuliko vile watu wanadhani, chini ya mikroni 1, na unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Chini ya kromu kuna nikeli, hiyo ni nene kidogo, halafu chini kabisa ndio brasi, ama kwa zile za bei rahisi ni aloi ya zinki. Sasa asidi ya kuosha tiles ni haidrokloriki, ile ile inatumika kutoa simiti iliyokauka kwa sakafu. Kitu inamumunya simiti unaipaka kwa ngozi nyembamba hivyo unategemea nini? Siku ya kwanza inang'aa kweli, kwa sababu ukoko umetoka wote kwa dakika moja na mwenye nyumba anafurahi analipa. Hapo ndio shida ilipo, kwa sababu fundi anaondoka na sifa na uharibifu unaonekana miezi baadaye, na wakati huo lawama inaenda kwa maji. Asidi imetoboa vishimo ambavyo hata huvioni, maji yanaingia kwa vishimo, nikeli inaachilia, inabambuka kama rangi ya ukuta. Hiyo kijani umeona ni shaba iliyo ndani ya brasi, kwa hivyo angalau inaonekana miksa zako ni brasi ya kweli. Ingekuwa zinki pengine ungeona unga mweupe na saa hii ingekuwa imeshakatika shingoni.

Na hapa ndio naudhika kabisa, hii maneno ya "maji magumu yanakula chuma". Ni kinyume! Maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, yanaacha utando, na kwa paipu ya chuma utando mwembamba unasaidia hata kuzuia kutu. Kweli ukizidi unaziba, unaua heta, unakatalia katriji (ile valvu ndani ya miksa) isifunge vizuri, hiyo sibishi. Lakini kuziba si kula. Maji yanayokula chuma kikweli ni yale yenye pH ya chini, yaani yenye asidi, ama yenye kloraidi nyingi, na hayo yanaweza kuwa hayaachi hata alama nyeupe.

Shida ni kwamba huku kwetu kila kitu tunaita chumvi. Maji yakikataa kutoa povu, ni ya chumvi. Yakiwa na ladha, ni ya chumvi. Yakiacha weupe, ni ya chumvi, na meno ya watoto yakiwa kahawia pia ni chumvi. Hizo ni vitu tofauti kabisa. Ugumu ni kalsiamu na magnesiamu. Ladha ya chumvi ni sodiamu na kloraidi, na hiyo kloraidi ndio inatoboa hata stenlesi, kwa hivyo yule wa hadware akikuambia stenlesi haiwezi kushika kutu usimwamini. (Maji ya aina hiyo pia yanapitisha stima zaidi, kwa hivyo shawa ya umeme lazima iwe ile ya maji ya chumvi na erthi iwe imefungwa kikweli, si waya umekunjwa ukafichwa kwa ukuta.) Meno nayo ni floraidi, na hiyo haina uhusiano wowote na mfereji wako.

Tena mawe yetu huku Bonde la Ufa ni ya volkano. Boreholi nyingi za huku zina sodiamu na baikabonati kwa wingi, kalsiamu kidogo, na tena silika, yale madini ya mchanga na kioo. Kwa hivyo weupe ulio nao inawezekana si hata kalsiamu. Kabla ya kununua kitu chochote fanya hivi: chukua kitambaa na maji safi ya mvua, sugua kidogo. Ikitoka na maji peke yake hiyo ni magadi tu, unahitaji kitambaa na si dawa. Isipotoka weka tone la siki, ikitoa viputo hiyo ni kalsiamu kabonati. Isipotoka na maji na isitoe viputo, basi yawezekana sana ni silika, na hapa ndio nataka usikie vizuri, silika haitoki na siki wala haitoki na hiyo asidi ya tiles. Mtu anaona haitoki anaongeza asidi, haitoki anaongeza tena, silika inabaki pale pale na kromu ndio inaisha. Nimeona sinki nzima imeharibiwa hivyo, doa likabaki na mng'ao ukaenda.

Kusafisha kalsiamu ni kazi rahisi. Siki ya kawaida ya dukani, changanya nusu kwa nusu na maji, loweka kitambaa, funga kwa mfereji na karatasi ya nailoni juu, dakika 15 ama 20, toa, suuza kabisa na ukaushe. Usiache usiku kucha, hata siki ni asidi. Na kama sakafu yako ni terazo ama una maboli (marumaru) weka kitu chini, siki inakula maboli vile vile inakula ukoko. Ile wavu ndogo ya mdomo wa mfereji fungua uiloweke peke yake, watu wameuziwa pampu ya presha na shida ilikuwa ni hiyo wavu imejaa. Kwa silika ni baking soda na maji kidogo iwe kama uji mzito, kitambaa laini, na uvumilivu wa siku kadhaa. Waya ya kusugulia sufuria isikaribie miksa kabisa.

Lakini kuliko hizo zote, kausha. Kitambaa kimoja kining'inie kwa bafu, anayemaliza kuoga anapangusa mifereji, sekunde 10 tu. Tone ambalo halijakaukia kwa chuma haliachi kitu. Watu wakinisikia nikisema hivi wanaona nimewanyima dawa, wanataka kitu cha kununua, lakini nina wateja mifereji yao ina miaka mingi kwa maji hayo hayo ya boreholi na siri ni hiyo tu. Na mfereji unaovuja, ile washa ya mpira ndani yake irekebishwe haraka, kwa sababu hapo ndio ukoko unajengeka mchana na usiku.

Zako sasa mama, nikuambie ukweli, ile imebambuka haitarudi. Hakuna polishi ya kurudisha kromu, anayekuuzia anakuuzia nta. Hizo zenye madoa kama hazivuji zitumie tu, zikaushe kila siku, na ukija kubadilisha beba mkononi kabla ya kulipa, brasi ni nzito na zinki ni nyepesi, utasikia tofauti.

Softena inafanya kazi, sitakudanganya, lakini inatoa ugumu peke yake. Inachukua kalsiamu inakupa sodiamu, na lazima uiwekee chumvi kila baada ya muda fulani. Haitoi kloraidi, haitoi floraidi. Kama boreholi yenu ni ya sodiamu tangu mwanzo utakuwa umenunua mtambo wa kutoa kitu hakipo. Kwa hivyo kwanza peleka maji maabara, waambie wapime ugumu, pH, kloraidi, chuma na floraidi. Ugumu ukiwa juu ya miligramu 180 kwa lita hayo ni magumu sana na softena ina maana, hasa kama una heta. Ukiwa chini ya 60 ni laini, achana nayo. Na floraidi ikipita miligramu 1.5 kwa lita hiyo ni shida ya maji ya kunywa, tafuta kichujio cha mkaa wa mifupa, si softena na si kuchemsha, kuchemsha kunazidisha kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki.

Sumaku nazo: kalsiamu iliyoingia ndiyo inatoka. Tone likikauka linaacha kitu kile kile. Muulize anayekuuzia akupimie ugumu kabla na baada, mbele yako.

Na kuna wengine wanakuja na kimashine cha vyuma viwili, wanatumbukiza kwa glasi ya maji yako wanawasha, maji yanageuka kahawia kama matope, mama wa nyumba anashtuka anatoa pesa ya kichujio siku hiyo hiyo. Hiyo kahawia inatoka kwa vile vyuma vyenyewe, stima inavimumunya. Maji yao ya kuonyesha yanabaki safi kwa sababu hayana madini kwa hivyo stima haipiti. Maji mazuri kabisa ya kunywa yatageuka hivyo hivyo. Nimeona mjane amekopa chama kununua kichujio kwa sababu ya glasi moja ya kahawia na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mwisho, hiyo chupa iliyobaki, na hii si yako peke yako, ni kila nyumba imeachiwa chupa na fundi. Asidi hiyo ikikutana na Jik, hata kama mmoja amemwaga choo asubuhi na mwingine anaosha jioni bila kusuuza, inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni ndogo dirisha ni kama la kuku. Ukisikia harufu inachoma koo toka nje acha mlango wazi, usirudi kusuuza. Usiiweke pia chini ya sinki, moshi wake unakula zile hosi za waya mpaka zinapasuka usiku maji yanajaa nyumba. Na kama fundi aliiacha kwa chupa ya soda, ambayo ndio huwa wanafanya, iandike leo kwa maka nyekundu uifungie mbali na watoto. Mtoto akiinywa msimtapishe, na hayo mambo ya kulazimisha maziwa kwanza achaneni nayo, suuza mdomo na mkimbie hospitali na chupa mkononi daktari aione.