Mjomba, Gari Limebadilika Usiku Mmoja

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fundi wa redio, runinga na mashine za gemu, Mikindani.

*Shikamoo mjomba. Nina banda la gemu nyuma ya soko la Chikongola, Mtwara mjini. Mashine tatu za PS4, nusu saa shilingi 500. Wateja wangu wengi wanacheza gemu moja ya mbio za magari. Wiki mbili zilizopita nilijiunga bando la usiku, nikaacha mashine zikipakua apdeti (toleo jipya la gemu) mpaka alfajiri. Asubuhi akaja dereva wa bajaji, mteja wangu wa kila siku. Ana gari alilolihangaikia tangu msimu wa korosho, analijua kama anavyoijua bajaji yake. Kona ya kwanza tu likamtoka, likaishia kwenye majani. Akarudia mara tatu, hali ni ile ile. Halafu akaona zawadi ya mbio anazokusanyia hela imepungua. Akaniambia mbele za watu kwamba nimeichezea mashine. Sasa wateja wanne wamehamia kwa jirani yangu, ambaye haapdeti kabisa. Mjomba, kwa nini wabadilishe kitu tulichokwisha kununua? Hawa wanaolalamika wana haki, au ni utoto? Na mimi niache kuapdeti?*
*Mpwa wako, Chikongola*

Marahaba mpwa wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana banda kama hilo niliwahi kuliendesha mwenyewe hapa Mikindani, enzi za PS2, na ugomvi wa namna hiyo haukuwahi kunikuta. Need for Speed Underground 2 ilitoka mwaka 2004, na diski yangu ilibaki ile ile mpaka mikwaruzo ilipoimaliza. Kijana akishajua kwamba kona fulani inaingiwa na gia ya tatu, mwaka unaisha na mwingine unaanza, kona ni ile ile na gia ni ile ile. Alichojifunza kilikuwa mali yake.

Kwa hiyo swali lako la pili nalijibu kwanza: wana haki. Wafikirie wazee wanaocheza bao barazani. Mzee ameusoma ubao ule miaka na miaka, kisha asubuhi moja anakuta mwenye ubao amefukia shimo usiku. Hata kama mchezo sasa umenoga zaidi, ataguna, na atataka kuambiwa ni nani aliyefukia na kwa nini. Dereva wako amepunguziwa saa zake, na saa hizo alizilipia kwako mia tano mia tano.

Sasa kwa nini wanabadilisha. Apdeti ni gunia lililochanganywa. Ndani yake kuna marekebisho ya makosa na kuna magari na viwanja vipya, na hayo watu huyapokea kwa shangwe. Lakini chini ya gunia kuna mizani: mshiko wa tairi, uzito wa gari, nguvu ya injini, bei na zawadi. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Upande wa magari mimi nawaelewa waundaji. Gari moja likiwa linashinda kila siku, kila mtu atalichukua hilo hilo, na mbio za mtandaoni zitakuwa foleni ya magari ya aina moja. Basi wanaliongezea uzito au wanalipunguzia nguvu. Hata mbio za kweli, zile za magari ya daraja la GT3, zinasawazishwa vivyo hivyo, na madereva wake wananung'unika kama huyo wako. Upande wa zawadi siwatetei, na nitakueleza sababu.

Gran Turismo 7 ilitoka tarehe 4 Machi 2022. Ndani yake kuna magari ya kihistoria ambayo bei yake inakaribia milioni 20 za hela za gemu. Na hela hizo zikawa zinauzwa kwa pesa halisi: milioni 2 kwa dola 20 za Marekani. Piga hesabu mwenyewe gari moja lingekula dola ngapi, na hapo gemu yenyewe umeshainunua. Wasiotaka kulipa wakatafuta njia yao. Walichagua mbio chache zinazolipa vizuri, hasa zile za barabara ya vumbi za Fisherman's Ranch, wakawa wanazirudia usiku kucha. Machi hiyo hiyo malipo ya baadhi ya mbio hizo yakapunguzwa. Siku hizo hizo apdeti ya 1.07 ikaleta hitilafu, seva (kompyuta za kampuni zinazoendesha gemu kwa mtandao) zikafungwa kwa zaidi ya saa 30, na gemu ile bila mtandao karibu haichezeki, hata kama unashindana na kompyuta peke yako chumbani.

Wachezaji waliwaka. Alama walizokuwa wakiipa gemu hiyo zikaporomoka. Lakini pamoja na hasira, watu waliweka wazi hesabu: mbio hii ililipa kiasi hiki, leo inalipa kiasi hiki. Hesabu kama hiyo haipingiki. Kazunori Yamauchi, muasisi wa Gran Turismo, akaomba radhi kwa maandishi. Wachezaji wakapewa krediti, yaani hela za gemu, milioni 1 bure, na mwezi Aprili ikaja apdeti ya 1.11 iliyopandisha zawadi, na ukomo wa mfuko wa mchezaji ukasogezwa kutoka milioni 20 hadi milioni 100. Nakusimulia haya ili umsimulie dereva wako. Asinyamaze.

Ila alalamike kwa ushahidi. Mtu wa namna hiyo lazima anaujua muda wake wa mzunguko mmoja. Akae aendeshe mizunguko mitano, gari lile lile, tairi zile zile, kiwanja kile kile, aandike muda. Aandike na namba ya toleo la gemu, aina ya pedi anayoshika mkononi, na kona inayomtoa. Barua yenye hayo inasomwa na fundi aliyeiandika programu. Barua ya matusi inaishia kwa karani.

Na ajue kwamba si kila badiliko ni la makusudi. Julai 2024 gemu hiyo hiyo ilipata apdeti ya 1.49, iliyogusa hesabu za namna gari linavyokaa kwenye springi zake. Baadhi ya magari yakaanza kudundadunda barabarani, na mengine yakarushwa juu kama mpira. Baada ya siku chache ikatoka apdeti nyingine ya kulirekebisha hilo. Waliosubiri wiki moja hawakuyaona kabisa.

Nawe fanya hivyo hivyo bandani kwako. Kwenye mipangilio ya PS4 zima upakuaji wa apdeti unaojiendesha wenyewe, ili usiku upite bila mashine kuamua kitu ambacho hukukijua. Apdeti ikitoka, acha siku kadhaa, soma wenzako wanasemaje, ndipo uiweke kwenye mashine moja tu. Kabla ya hapo kopi kwenye flashi kila walichokisevu wateja, maana kilichoseviwa kwenye toleo jipya mara nyingi hakifunguki kwenye la zamani. Angalia na nafasi kwenye diski ya ndani ya mashine: PS4 inapoapdeti huikopi gemu upya, kwa hiyo inataka nafasi kubwa kuliko apdeti yenyewe. Mabanda mengi yananiletea mashine "iliyogoma" kumbe imejaa tu.

Mashine ya pili na ya tatu unaweza kuziacha na toleo la zamani bila mtandao, kama gemu inakubali kuchezwa hivyo. Kuna zinazokataa. Jirani yako asiyeapdeti leo anapata wateja, lakini siku gemu itakapomwambia hakuna kuingia mtandaoni bila toleo jipya, ndipo atakapoanza kupakua giga zote kwa mkupuo.

Halafu nunua karatasi ya manila na kalamu nene. Kila apdeti huja na maelezo yake, mara nyingi kwa Kiingereza. Yasome, uyaandike kwa Kiswahili mistari minne, ubandike mlangoni: tairi zimeguswa, zawadi ya mbio fulani imeshuka, gari fulani limeongezwa uzito. Nina hakika nusu ya ugomvi wako ulitokana na yule dereva kuambiwa habari hiyo na kona badala ya kuambiwa na wewe. Mfuate kijiweni kwake, umwombe radhi kwa hilo moja, na umpe nusu saa ya bure ajaribu kulizoea gari. Wale wanne watasikia.

*Kaka, habari za huko. Niko Mtanda, Lindi. Mwanangu wa miaka 13 anacheza gemu ya magari kwenye simu yangu. Kila apdeti ikija kuna gari jipya la siku chache, naye halali. Mwezi uliopita nilikuta shilingi 18,000 za kikoba zimekatwa kwenye simu, amenunulia vito vya gemu. Nimemchapa, nimejuta. Nimnyang'anye simu kabisa?*
*Mama wa watoto watatu*

Dada yangu, ukiniita kaka basi huyo ni mpwa wangu, na huku kwetu mjomba ana sauti. Pole kwa hela ya kikoba, najua ilivyo kuikabili Jumapili ya kikao ukiwa pungufu.

Mtoto hajawa mwizi. Gemu nyingi za simu huleta gari jipya kwa siku saba au kumi na saa inayohesabu kurudi nyuma juu ya kioo. Lile gari linapatikana bure kwa mtu anayeshinda mbio nyingi kila siku bila kukosa, na anayekosa siku mbili anaonyeshwa njia ya mkato, ambayo ni vito vya kununua. Mtu mzima anaweza kuipuuza saa ile. Mtoto wa miaka 13 anaiona kama basi linaloondoka stendi. Mimi siwapendi wanaomwekea mtoto saa ya namna hiyo, nasema wazi.

Fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, na uweke kwamba kila ununuzi udai nenosiri. Badilisha na namba ya siri ya pesa za simu, usimwambie hata kwa bahati mbaya. Likitokea tena, omba kurudishiwa ndani ya saa 48, maana baada ya hapo mlango unakuwa mwembamba.

Simu usimnyang'anye. Jioni moja kaa naye, mwambie akuonyeshe gari analolitaka, na mhesabu pamoja: mbio ngapi kwa siku, dakika ngapi kila moja, siku ngapi zimebaki. Mara nyingi mtoto mwenyewe akiona jumla ni saa nne kila siku, anasema mama, hili tuliache. Akishindwa kusema, mlete kwangu likizo. Kuna redio nyingi za kufungua.

*Mjomba, nimesikia gemu uliyoinunua kwa diski inaweza kuzimwa na walioitengeneza, isichezeke tena. Ni kweli, wakati diski iko mkononi mwangu?*
*Mwanafunzi, Masasi*

Ni kweli, na nitakupa gemu mbili za mbio zilizotoka mwaka mmoja, 2014. DriveClub ilianza vibaya, seva zake zilizidiwa, watu wakakasirika sana. Desemba apdeti ikaleta mvua na theluji, na waliokuwa wakilaumu wakarudi kutazama matone yakikimbia kwenye kioo cha mbele. Seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2020, ila mbio za mtu mmoja dhidi ya kompyuta zilibaki. The Crew ilijengwa ikitegemea seva kwa kila kitu. Zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, miaka minne kamili baadaye, haikubaki hata barabara ya kujizungusha peke yako. Mwenye diski amebaki na sahani.

Hilo liliwachoma watu. Ross Scott wa Marekani akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani Acheni Kuua Gemu, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni 1. Kabla ya hapo, Septemba 2024, Ubisoft, kampuni ya The Crew, walishaahidi kwamba gemu zilizofuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest, zitawekewa namna ya kucheza bila mtandao. Kelele za wachezaji zilifanya kazi hapo.

Huku kusini tuliionja hali hiyo kwa siku chache, Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, na tarehe 12 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, nazo zikakatika. Wiki hiyo nililetewa PS4 mbili wenyewe wakidhani zimekufa. Nilizifungua, nikazipuliza vumbi, nikazifunga. Zilikuwa nzima, gemu zao ndizo zilizokuwa zikimtafuta mtu asiyepokea simu.

Kwa hiyo ukienda kununua diski ya mtumba hapo Masasi, mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine isiyo na intaneti, na uendeshe mbio moja mpaka mwisho. Ikigoma, mrudishie diski yake.