Choma Uzi Kwanza, Ndipo Ulipie Jora

Juzi msomaji mmoja wa Masasi kaniandikia: "Dada, nimepata cherehani, nataka nianze na magauni ya sherehe. Wenzangu wanasema nailoni na poliesta zinamwaibisha fundi. Ni kweli?" Nilicheka peke yangu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekabidhi sare za kamati ya harusi Mikindani, satini ya poliesta tupu, na bibi harusi akanikumbatia mbele ya mashangazi zake wote. Niacheni nijisifu kidogo, wenye kunisifu mjini hapa ni wachache.

Miaka ya kushonea kwenye kibaraza cha watu nairuka, haina utamu. Kilichonifanya nivichunguze vitambaa ni gauni moja la nailoni. Mama mmoja mwenye heshima zake aliniletea kitambaa chake mwenyewe, nikamshonea, nikamwambia pasi iwe ya moto mdogo na atangulize kanga juu. Akaenda kulikandamiza na pasi ya mkaa. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hadi 260 hivi, kutegemea aina yake, na huanza kulegea kabla ya hapo. Pasi ya mkaa nani anaipima? Kifuani pakatoboka, kingo zikawa ngumu. Akarudi nalo, akalitupa mezani mbele ya wateja, akaniita fundi wa viraka. Sikumjibu. Mpaka leo roho inaniuma, sifichi.

Ndipo nikaanza kusoma. Nailoni ilipatikana Marekani mwaka 1935, katika maabara ya DuPont, chini ya mkemia Wallace Carothers. Mwaka 1938 ikawa nywele za mswaki, 1940 soksi ndefu za wanawake zikajaa madukani, halafu vita vikaichukua kwa ajili ya maparachuti. Uzi uliomshusha askari salama kutoka angani, wewe fundi wa jana unauonea aibu? Waulizeni wavuvi wetu kwa nini nyavu za pamba waliziacha. Nailoni haiozi baharini, na samaki akivuta inanyumbuka kabla ya kukatika. Jua tu ndilo huichosha.

Ubaya wake ni kwenye jasho. Ikiwa hewani, pamba hushika unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, nailoni kama 4, poliesta haifiki hata 1. Sasa fikiria Desemba ya Mtwara: fedha za korosho zimeingia, harusi kila Jumamosi, ukumbi mzima una mapangaboi mawili na moja halizunguki. Umvalishe mtu satini, ndani umtilie bitana ya nailoni! Ile kamati ya Mikindani nilibishana nao sana. Nilitaka bitana ya pamba nyepesi, kwapa lipumue, mgongo uwe wa lesi. Wakasema nawaongezea gharama. Nikashikilia, na usiku wa sherehe walicheza hadi muziki ulipozimwa.

Na msiamini mdomo wa muuzaji. Kariakoo mmoja aliniapia kuwa jora lake ni pamba tupu. Nikachomoa uzi pembeni, nikaomba kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ule ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukaacha kishanga kigumu. "Dada, wewe mkorofi," akasema. Nikalichukua kwa bei ya poliesta.

Wadogo zangu, mnapenda kupiga picha nguo zenu kabla hamjajua zimetokana na nini. Chomeni uzi. Kila jora, hata kwa muuzaji mliyemzoea, chomeni uzi. Mwenye kuona uvivu wa kijiti kimoja cha kiberiti, ushonaji atauweza wapi?

Wewe wa Masasi, anza na sare za shule. Mchanganyiko wa poliesta na pamba haukunjamani ovyo, hukauka upesi hata masika, na mzazi hulipa kabla shule hazijafunguliwa. Magauni yatakuja. Ukifika kwenye satini, weka sindano mpya nyembamba, namba 11, na legeza uzi wa cherehani kidogo, la sivyo mshono utajikusanya. Na siku ya kukabidhi, habari ya pasi mwambie mteja pakiwa na shahidi.