Laini mpya haikufichi: kazi ya fundi na kazi ya mbunge

Ndugu uliyeuliza kama mafundi wanatosha kuzuia ufuatiliaji wa simu za watu wote, au ni kazi ya siasa: fundi anafunga maneno yako. Rejesta ya nani kampigia nani, saa ngapi, kupitia antena gani, iko kwa kampuni ya simu, na hakuna programu ya kuifunga.

WhatsApp inasimba ujumbe wote (inaufunga usisomeke na mwingine njiani) tangu 2016, lakini nakala inayokwenda Google Drive haisimbwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe: Mipangilio, Gumzo, Hifadhi ya gumzo, kisha usimbaji wa nakala. Nenosiri liandike kwenye karatasi. Likipotea, nakala imekwenda. Mwenzako asipowasha, mazungumzo yenu yamo kwenye nakala yake. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kubadilisha laini ndani ya simu ile ile ni kupoteza pesa. Bonyeza *#06#: tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, unazoziona, kampuni inaziona pia, na laini mpya inaunganishwa na ile ya zamani. Sisi wa Goma tuna jambo jingine. Ukiwa Birere, mtaa wa mpakani, simu inaweza kudaka mtandao wa Rwanda, na laini yako ikaandikwa kwenye kampuni ya nchi yenye sheria nyingine. Kuzima data ya roming (intaneti kupitia mtandao wa kampuni nyingine) hakutoshi, maana laini bado inajisajili kwa ajili ya sauti. Zima uchaguzi wa mtandao wa otomatiki, chagua wako kwa mkono. Ukivuka Gisenyi na unataka kupigiwa, urudishe.

Sasa siasa. Hapa Kongo, tozo ya RAM, yaani rejesta ya vifaa vya simu, ilipoanza 2020, IMEI ziliingizwa kwenye rejesta hiyo na watu wakakatwa inite (salio la simu). Iliondolewa 2022 kwa kelele za wananchi na wabunge. Kelele ile ilikuwa ya pesa kuliko ya siri, na hilo linaniuma, kwa sababu nguvu tunayo. Huko Ulaya, kesi zilizoanzia Ireland na Austria ndizo zilizofanya mahakama ya Umoja wao, tarehe 8 Aprili 2014, ifute agizo la kuhifadhi rekodi za simu za kila mtu kwa miezi 6 hadi 24.

Sisi tuna sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023, inayogusa data binafsi. Mafundi, mwandikieni mbunge wenu maswali ambayo yeye hawezi kuyatunga: rekodi za antena zinakaa miezi mingapi? Anayeziomba anaonyesha karatasi ya jaji gani? Maombi ya mwaka mzima ni mangapi, na kwa nini hayatangazwi?