Jibu: Je, anjiografia huokoa maisha ya majeruhi wa ini?
Ndugu, umeuliza kama majeruhi wa ini waliofanyiwa anjiografia (uchunguzi wa mishipa ya damu kwa eksirei na dawa maalumu, ambao pia humwezesha daktari kuziba mshipa unaovuja) hupona zaidi kwa sababu ya anjiografia yenyewe, au kwa sababu walikuwa na nafuu tangu mwanzo. Shaka yako ni ya msingi kabisa. Majeruhi ambaye shinikizo lake la damu limeporomoka na halipandi licha ya kuongezewa damu hupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji, ambako ini hukandamizwa kwa vitambaa ili kuzuia damu. Wengine hufariki kabla anjiografia haijafikiriwa, kwa hiyo kulinganisha tu vifo vya waliofanyiwa anjiografia na vya wasiofanyiwa hupotosha.

Hata hivyo, faida ya anjiografia ni ya kweli inapotumika mahali pake. Kipimo cha CT kikionyesha damu inavuja kutoka kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni), daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, mara nyingi kupitia kinena, na kuliziba tawi la ateri linalovuja bila kupasua tumbo. Ini huvumilia kuzibwa huko kwa kuwa takribani asilimia 75 ya damu yake huletwa na mshipa wa vena utokao kwenye utumbo. Lakini damu inayotoka kwenye vena kubwa (mshipa unaorudisha damu moyoni) nyuma ya ini haizuiliki kwa njia hii, na hilo, kwa maoni yangu, husahaulika mno. Wapo pia waliozibwa ateri wanaopata jipu, kuvuja kwa nyongo au kufa kwa sehemu ya ini siku kadhaa baadaye, hivyo uangalizi wao wodini usilegezwe.