Kabla hujanunua traka ya jenereta, nisikilize mimi niliyepoteza yangu

Jumapili usiku, saa tano, nilipigiwa na kijana aliyefungua biashara ya kukodisha mashine za mjengo kule Kakamega. Poka, ile ya kutikisa zege, na mota yake vimetoweka, mteja amezima simu. "Lakini niliweka traka ya kuonyesha ilipo," akasema, kwa sauti ya mtu anayenituliza mimi. Traka gani? Kile kidude cha duara cha kufungia funguo. Nikafumba macho. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu waliwahi kuninunulia chai wakitaka ushauri, wakaenda wakafanya walivyotaka. Naandika ili wa nne akipiga nimtumie hii, nilale.

1. Kidude cha funguo ni cha funguo. Hakina laini, wala hakijui setilaiti ni nini. Kinatoa mawimbi ya Bluetooth, basi, na simu ya mpita njia ndiyo inayokuripotia. AirTag, kile cha Apple, inategemea iPhone zinazopita karibu nayo. Nakuru mjini au Milimani ya Kisumu unaweza kubahatika. Mashine ikishafika kijiji cha ndani huko Butere, iPhone ya kwanza kupita ni ya mtu aliyekuja mazishi Jumamosi. Halafu kinakuchongea: tangu 2023 hata simu ya Android humwonya mwenye simu kwamba kuna kidude kisicho chake kinasafiri naye. Kimeundwa hivyo kuwalinda watu wasifuatwe kisiri, na ni sawa kabisa. Wewe kifunge kwenye funguo za stoo.

2. Angalia umeme wa mashine kabla ya kuangalia bei ya traka. Jenereta ya kuwasha kwa ufunguo ina betri ya volti 12, traka ya waya itakaa. Ila ikilala stoo mwezi mzima, traka itainyonya hadi mteja aje akute haiwaki. Ya kuvuta kamba haina betri, poka haina, kwa hivyo hapo nunua traka yenye betri yake. Ukiiamuru iripoti kila sekunde 30 ili ufurahie kuiona ikitembea, haitamaliza wiki. Mara mbili kwa siku inatosha, na iwe inaamka ikitikiswa. Isipokuwa kwenye rama, ile ya kushindilia udongo. Kazi ya rama ni kutikisika, jambo ambalo mimi, mtu mzima, nilihitaji kuua betri tatu ndipo nilielewe.

3. Soma herufi ndogo. Hapa nitakawia, mnivumilie.

Ilikuwa jenereta ya kilowati tano, ya mkopo wa sacco, nimelipa marejesho matatu kati ya ishirini na manne. Mteja alikuja na kitambulisho na maneno matamu, akaichukua kwa harusi ya siku mbili. Siku ya nne hapatikani. Sikushtuka. Kusema kweli nilikuwa na hamu, kama mtoto aliyenunuliwa mwavuli anayeombea mvua. Nikafungua programu: nukta ya kijani, Manyatta ya Kisumu, juu kabisa ya paa la nyumba moja. Nikaikuza mpaka nikaona mwembe uani.

Nikamchukua mzee wa mtaa na vijana wangu wawili wa yadi, tukafika saa kumi na mbili jioni. Mama mwenye nyumba alikuwa nje anakaanga mandazi ya kuuza. Sikumsalimu. Niliingia uani kwa mama wa watu, nikamwelekezea simu usoni, nikamwambia, "Toa jenereta yangu." Akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. "Nyathina, jenereta nitaiweka wapi?"

Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Swali lake lilikuwa na jibu mbele ya macho yangu. Badala ya kuliona nikapaza sauti, majirani wakatoka, na mtu mmoja nyuma yetu akatamka lile neno ambalo mtaani kwetu likishatoka halirudi: mwizi. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa ndiyo anafika na jerikeni la maji. Wakamshika yeye. Nakumbuka jerikeni likianguka, na maji yakitambaa hadi chini ya jiko. Mzee wa mtaa aliruka katikati, mikono ameitandaza, akiwafokea kwa Dholuo hadi mmoja mmoja wakaachia shati la kijana. Labda ilikuwa dakika tano. Mimi muda wote huo nilikuwa nimesimama na simu mkononi, bado inawaka.

Usiku nikaifungua tena nipate cha kumgombeza aliyeniuzia. Ndipo nikaona, chini ya nukta, herufi tatu: LBS. Mimi nilidhani ni jina la kampuni. Jenereta ilikuwa imefungiwa ndani, chini ya mabati, traka haioni anga. GPS ilipokosa setilaiti, kifaa kikakisia mahali kwa mnara wa simu kilioushika, hiyo ndiyo LBS, na makisio ya namna hiyo hukosea mamia ya mita mjini, na mashambani hata kilomita kadhaa. Programu ilikuwa imeniandikia hivyo waziwazi. Ni mimi niliyeiona nukta nadhifu juu ya paa la mtu nikaiamini kuliko chumba kilichokuwa mbele yangu.

Kesho yake, saa moja kasoro asubuhi, zile herufi zikageuka GPS. Wameipakia mahali wazi, inatembea. Kisian. Maseno. Nikamkimbilia mzee wa mtaa twende kituoni. Alinijibu akiwa mlangoni na kikombe chake: "Hata jana ulisema unaiona." Hakuja. Nikaenda peke yangu, afisa akaniomba nambari ya mashine, sikuwa nayo. Nikampigia fundi, fundi akasema nimpe dakika. Luanda. Ugunja. Bumala. Baada ya Bumala nukta haikusogea tena mpaka leo. Laini ya traka haikuwa na rominga, na ukivuka Busia kuingia Uganda minara ni ya wengine. Marejesho ishirini na moja yaliyobaki nililipia hewa.

Kwa yule mama nilirudi baada ya wiki mbili, na unga, sukari na mzee wa mtaa. Alipokea. Kijana hakutoka ndani. Siku hizi nanunua mandazi pale, na mara moja moja akinifungia ananiuliza, "Leo simu inasema nini?" Tunacheka. Sijawahi kumkuta kijana pale nikamtazama machoni.

Kwa hivyo: ikiandika LBS, kaa nyumbani.

4. Laini. Isajili kwa jina lako, iondolee PIN ukiwa nayo kwenye simu, weka APN, yaani mpangilio wa intaneti wa laini, na kama unakodishia watu wa Busia au Malaba, washa rominga. Badilisha nambari ya siri ya kiwandani, maana nyingi huja na 123456 au 0000, na anayeijua pamoja na nambari ya laini anaweza kuiamuru traka yako kwa SMS. Mimi fundi aliniokolea muda akasajili laini ya traka ya mikisa, ile ya kuchanganya zege, kwa jina lake. Tukaja kukosana kwa shilingi mia nane, nikawa namwomba mtu ruhusa ya kujua mikisa yangu imelala wapi. Na nunua data kabla haijaisha. Traka iliyoishiwa data haikuombi. Inanyamaza tu, nawe unadhani mashine imetulia.

5. Iweke juu, chini ya plastiki, mbali na ekzosi, kamwe isiwe ndani ya sanduku la chuma. Usimwonyeshe fomani ulipoificha, hata akiwa shemeji yako. Hasa akiwa shemeji yako.

6. Makaratasi. Risiti, picha na nambari ya mashine ziwe kwenye simu yako, upate kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, siku hiyohiyo. Kwenye mkataba andika kwamba mashine ina traka na mteja atie sahihi. Ukifuatilia mashine unamfuatilia na mteja, na Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, si ya kuchezea. Tena kifungu hicho cha mkataba kinafanya kazi kuliko kufuli. Wateja wawili wamekisoma mbele yangu, wakakumbuka wamesahau kitambulisho nyumbani. Bado nawangoja.

Yule wa Kakamega ameniandikia sasa hivi. Kidude kimeonekana kwa mara ya kwanza, Mumias, saa nne zilizopita. Nimemwambia asiende popote ila kituoni, na abebe nambari ya mashine. Ananiuliza huwa imeandikwa upande gani.