Maswali ya karakana: gadi umeivua ya nini?

Mzee shikamoo. Jiwe la kukatia la inchi 9, la grenda kubwa, likilika likabaki dogo, naweza kulimalizia kwenye grenda ndogo? (Fundi mageti, Mbagala)

Marahaba. Swali hili hurudi kama kumbikumbi wa mvua za kwanza. Hapana. Kinachokudanganya ni tundu: la inchi 4½ na la inchi 9 yote yana tundu la milimita 22.23, basi linaingia, nati inakaza, unaona mambo safi. Soma usoni pake. La inchi 9 huandikwa mizunguko kama 6,600 kwa dakika, isizidi hapo. Grenda yako ndogo ikizunguka bure hufika 11,000. Nguvu ya kulipasua jiwe hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo likiwa zima umeizidisha karibu mara tatu. Utasema limeshalika. Namba hailiki.

Tena nakujua: halitoshi ndani ya gadi, kile kifuniko cha kinga, basi gadi utaivua. Niliwahi kuivua mimi, ujana. Jiwe lilipasuka, kipande kikatoboa bati la ukuta nyuma yangu, kimo cha sikio. Tundu lile sijaliziba. Kijana akija kujifunza kazi, namwonyesha hilo kabla sijampa hata miwani.

Tarehe iliyo kwenye pete ya chuma ya katikati ni ya kutengenezwa?

Ni ya mwisho wa kutumia, mwezi na mwaka, kwa kawaida miaka 3 tangu litengenezwe. Chembe zimeshikwa na gundi ya resini, na gundi huzeeka, penye unyevu ndiyo zaidi. Geuza jiwe usome kabla hujatoa hela. Muuzaji atakwambia jiwe si maziwa, haliharibiki. Mwachie na punguzo lake. Lisilo na tarehe wala mizunguko usilishike kabisa.

Mawe yangu yamenyeshewa. Nikiyaanika juani yatafaa?

Hapana. Yavunje, mtoto wa jirani asije akayaokota. Mengine yalaze bapa kwenye rafu kavu. Jembamba likisimamishwa hupinda, na lile unalotundika kwenye msumari chini ya bati linalovuja, ndilo hilo unaloniandikia leo.

Nondo nikatie jiwe la unene wa milimita 1 au 3?

La 1 ni la bati na bomba jembamba: linakata upesi, halichomi sana. Nondo nyingi, chukua la 3, linavumilia. Chuma kisichoshika kutu, tafuta lililoandikwa Inox. Herufi A ni chuma, C ni mawe na zege. Na ukikata zege vaa barakoa ya maana, si leso, vumbi lile lina silika, chembe za mchanga zinazoharibu mapafu.

Hujaniuliza, lakini nimeona kazi zako kwenye picha: mishono ya welding unaisugua kwa ubavu wa jiwe la kukatia. Jembamba halikuumbwa kubeba nguvu ya ubavuni. Nunua la kusagia, lile nene la milimita 6.

Naweza kukatia mbao?

Hapana. Na la meno ya msumeno kwenye grenda, msiniulize tena.

Jiwe jipya linatetemeka. Litatulia likianza kukata?

Zima, chomoa waya ukutani. Angalia washa zote mbili, vile visahani vya chuma vinavyobana jiwe huku na huku: pengine moja umeigeuza, au kuna uchafu chini yake. Safisha, funga upya, kisha lizungushe bure kama dakika moja ukiwa umesimama pembeni, si mbele ya mkato wake. Likitetemeka tena, tupa.